Shahidi Aliyenona

Siku niliyorudi kutoka Singida mjini nilikuta Bodi imenizawadia kwa kazi ambayo sikuifanya.

Zawadi ilikuwa imening'inizwa kwenye kitasa cha mlango: kofia ya njano na cheti kigumu chenye picha yangu na jina langu, Njiku. Mimi niliishia darasa la nne, lakini maandishi makubwa nayaweza. MKULIMA SHAHIDI MWENYE BIDII, KANDA YA KATI. Chini yake, kwa herufi za kuchosha macho: siku sabini na moja shambani, bila kupumzika hata Jumapili.

Nikasoma mara mbili. Siku hizo sabini na moja nilikuwa kwa binti yangu Anastela, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, natazama ukuta. Tulimzika mke wangu Veneranda mwanzoni mwa Desemba. Siku ya tatu nikapanda lori la alizeti nikaondoka, sikumuaga mtu. Shamba niliacha halijatiwa hata mbegu moja.

Hawa ndio wakubwa wetu. Walituletea sanduku la zahanati kwa ngoma na hotuba, eti daktari wa nini tena, sanduku linajua magonjwa elfu. Vene akaliwekea kiganja, likamwambia subiri, wewe ni wa arobaini. Akasubiri. Mwanamke mtiifu yule, akasubiri mpaka mwisho. Leo hao hao wananipa kofia. Asiyemwona mgonjwa aliyelala miguuni pake atamwonaje mkulima aliye mbali?

Kofia nikaitupa juu ya paa la banda la kuku, nikaenda shambani.

Kutoka kwangu hadi shambani ni mwendo wa nusu saa kwa mwenye miguu miwili mizima. Mimi wa kulia ulikanyagwa na mkokoteni wa ng'ombe zamani, nachechemea, kwa hiyo natumia muda zaidi na naona zaidi. Nilichokiona siku ile hakikunifurahisha. Mvua ilikatika katikati ya Januari, ikarudi siku moja ya Februari kama mgeni aliyesahau fimbo yake, ikaondoka. Mtama wa kijiji kizima cha Unyaghuli ulikuwa umefika magotini ukagoma. Majani yamejikunja, ukiyagusa yanalia kama karatasi. Kwa Mwenyekiti Hango hivyo hivyo. Kwa Mama Mughenyi, ambaye shamba lake limepakana na langu, hata magugu yalikuwa yamekufa.

Halafu nikafika kwangu.

Jamani. Ekari mbili za kijani. Mtama umenipita kichwa, umeinamisha masuke yake mazito yenye shingo zilizopinda, na shingo zile nilizijua. Ilikuwa mbegu ya Vene, mbegu ya mama yake na ya bibi yake, ambayo kijijini alibaki nayo yeye peke yake baada ya wenzake kuhamia mbegu za Bodi. Chini kulikuwa na mashimo ya kukinga maji, yamechimbwa kwa mstari. Mabua ya mwaka jana yamelazwa juu ya udongo kuutunzia unyevu. Hakuna gugu. Na katikati ya uzuri wote huo, mti wa Bodi.

Nikarudi nyuma hatua moja. Kwa sababu nilijua shamba lile kupendeza maana yake ni nini.

*

Mti wa Bodi ya Ngao hauna jani. Ni mlingoti mweupe, urefu wa mtu, una taa kichwani. Kila kijiji kina mmoja tu. Zamani, mvua ikikataa, walikuwa wanatumwa watu wenye makaratasi kuja kutazama mashamba. Wakilishwa kuku wanaandika njaa, wakinyimwa wanaandika neema. Wakubwa wakasema macho ya mtu yananunulika, mzizi haununuliki. Ndipo wakachagua shamba moja katika kila kijiji liwe shahidi wa mashamba yote. Mti unatandaza nyuzi udongoni, nyembamba kuliko za buibui, unaonja unyevu na kuhesabu mizizi. Ikifika siku ya Usomaji taa ikawaka nyekundu, basi kijiji kimekosa, na yanakuja malori yasiyo na dereva na chakula cha miezi tisa kwa kila kaya, pamoja na mbegu ya kuanzia upya. Ikiwaka kijani, kijiji kimevuna. Hakuna anayekuja. Mashamba mengine hayatazamwi na mtu.

Na shahidi anachaguliwaje? Wanatafuta shamba la kati na kati kabisa, si la bingwa, si la mvivu. Kwetu walipima miaka saba, wakakuta hakuna anayelima kawaida kuliko Veneranda. Siku alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba Ana," akaniambia, "umeoa mwanamke aliyethibitishwa na serikali kwamba hana ajabu."

Sasa Usomaji ulikuwa umebaki siku tatu, kaya mia na sitini na mbili zilikuwa zimekaukiwa, na shahidi wao alikuwa amenona kuliko fahali wa sikukuu.

Nikasikia mtu anakohoa mpakani. Alikuwa Mama Mughenyi, ameinama na kikapu, anachuma mlenda mwitu kwenye kingo.

"Umerudi, Baba Ana."

"Nimerudi."

"Hata salamu hakuna?"

"Salamu nilizingoja mjini miezi mitatu. Mke wangu amekufa, hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniona. Mmeniacha kama mbwa wa watu waliohama."

Akaweka kikapu chini taratibu, kama mtu anayetua mtoto aliyelala.

"Tungekuja saa ngapi?" akasema. "Tulikuwa huku, tunafanya kazi ya kuwa wewe."

Sikumwelewa. Akaniona sikumwelewa, akaketi juu ya tuta.

"Mfiwa hashiki jembe," akasema. "Hilo unalijua, au mji umekusahaulisha? Mtu akifiwa na mwenzake, msimu ule majirani wanamlimia. Ndivyo tulivyokuta. Sasa sheria ya Bodi inasema shamba shahidi lishikwe na mwenyewe peke yake. Likilala bila kulimwa, unanyang'anywa. Na vile vinyuki vyao vya chuma vinapita kila siku vinatazama nani yuko shambani. Tunaambiwa vinamjua mtu kwa kimo chake na mwendo wake. Tungefanyaje?"

"Mkafanyaje?"

"Koti lako la kaki uliliacha kwenye msumari. Tukapeana zamu. Anayevaa koti anachechemea."

"Nani?"

"Nani, nani! Wote. Mwenyekiti. Katekista. Sungita na domo lake lile. Mimi nimekuwa wewe siku nne, na nakwambia mguu wako ule ni adhabu."

"Wewe, Mama Mughenyi? Na mwili huo?"

"Koti ni refu," akasema bila kucheka. Halafu akacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, kicheko kikanitoka, cha kwanza tangu Desemba.

Nikamwuliza basi kwa nini limekuwa hivi. Kulima ni kulima, lakini hili lilikuwa jambo jingine.

"Hapo ndipo tulipokosea," akasema. "Hatukupangiana kazi, tulipangiana siku. Mtu akija anakuta mwenzake wa jana amekwisha palilia. Arudi nyumbani mikono mitupu, siku yake ya kumlimia Vene? Anapalilia tena. Anachimba shimo. Wa kesho naye anakuja na ndoo mbili za maji aliyooshea nguo. Zamu sabini, Baba Ana, na kila mwenye zamu anaogopa Vene asiseme huko aliko kwamba zamu ya fulani ilikuwa ya uvivu. Tulipokuja kushtuka, mvua imekatika, kwetu kumekufa, na hapa pamekuwa Misri."

"Mbegu mlitoa wapi?"

"Kwenye kibuyu chake, juu ya kichanja. Tulikikung'uta chote. Tulisema mtama wa Vene upandwe shamba la Vene."

Nikaketi na mimi. Nilikuwa nimejipanga kuwachukia watu hawa maisha yangu yaliyobaki, nilikuwa nimeshapanga hata maneno. Nikatazama ndani ya kikapu chake. Mlenda, majani machache, tena ya vumbi.

"Na ugali?" nikauliza.

"Ugali tunaukumbuka," akasema Mama Mughenyi.

*

Kesho yake asubuhi akaja afisa wa Bodi na pikipiki yake isiyo na sauti. Jina lake Kokushubila, mtu wa Bukoba, mwembamba, macho ya mtu aliyelala vibaya mwezi mzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kofia yenu iko juu ya banda la kuku."

Akaitazama, hakukasirika. Akaomba tuongee shambani. Tulipofika akatoa kioo chake cha picha, akakipangusa kwa upindo wa khanga, akanisogezea.

"Huyu ni wewe, Januari," akasema. Mtu wa koti la kaki anachechemea kati ya mistari. "Mguu wa kulia mbovu. Sawa?"

"Sawa."

"Huyu ni wewe, tarehe tatu Februari. Mguu mbovu umekuwa wa kushoto."

Nikakohoa.

"Huyu ni wewe, tarehe kumi. Unachechemea yote miwili." Akapitisha kidole. "Na huyu ni wewe, tarehe kumi na tisa, umekaa chini ya mti wa Bodi unanyonyesha."

Kweli. Koti langu la kaki, na ndani yake mguu mdogo wa mtoto umechomoza, soksi nyekundu.

Nikatazama masuke.

"Mashine imepokea picha zote," akasema. "Kwake koti ni koti. Mimi ndiye niliyetazama, na sijamwambia mtu. Nikiripoti, shahidi amechafuliwa, na Unyaghuli inatolewa kwenye Ngao misimu mitatu. Nisiporipoti, kesho kutwa taa inawaka kijani. Unajua kijani maana yake nini."

"Binti," nikamwambia, "simama hapa. Geuza shingo kulia. Sasa kushoto. Umeona nini?"

"Njaa."

"Basi andika njaa."

"Macho yangu hayana nafasi kwenye fomu, mzee."

"Fomu aliitengeneza nani? Shetani? Si ninyi? Mliwaondoa watu kwa sababu wanakula kuku wa watu, mkaweka fimbo isiyokula. Sawa, haili. Na wala haioni! Hamkuja kutuuliza hata siku moja, ninyi mkifiwa mnafanyaje? Mngeuliza tungewaambia. Mke wangu mlimwambia asubiri, akasubiri. Sasa kijiji kizima nacho kisubiri?"

Nilikuwa napiga kelele. Akangoja nimalize, kisha akasema, kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza:

"Kuna kifungu kimoja."

Kifungu chenyewe hiki. Mwenye shamba anaweza kuvua ushahidi kwa hiari yake, wakati wowote kabla ya Usomaji. Haulizwi kwa nini. Akivua, kila kitu alichoshuhudia kinafutwa, pamoja na picha zote. Mti unang'olewa na kupelekwa shamba la pili kwa ukawaida. "Nimeangalia," akasema. "Ni hili la jirani yako." Akaonyesha vumbi la Mama Mughenyi.

Nikamgeukia. "Kwa nini hukuanza na hilo?"

"Kwa sababu ya gharama yake. Wewe hutalindwa tena na Ngao mpaka unaingia kaburini. Na nyuzi haziwezi kuachwa hai ardhini, lazima zifungwe kwa dawa. Dawa hiyo inafunga na mizizi. Tukiitia asubuhi, inapanda polepole, jioni mtama wote umekufa. Udongo utapona baada ya misimu miwili. Mtama hautapona."

Nikavuta suke moja, nikaminya punje kwa ukucha. Maziwa meupe yakatoka, mazito kidogo.

"Nikikata leo nikakausha, itaota?"

Akaminya na yeye. Akatikisa kichwa.

"Wiki mbili," nikasema. "Ningepata wiki mbili tu. Debe moja la mbegu tu. Kibuyu kimoja."

"Usomaji ni kesho kutwa, mzee wangu."

Alisema mzee wangu kama anavyosema mtoto wa nyumbani, na hilo ndilo lililonivunja kuliko dawa.

*

Alasiri Mwenyekiti Hango aliita watu uani kwake, wakuu wa kaya, chini ya mabati ya ghala tupu la kijiji. Nikawaeleza yote, kama nilivyoelezwa. Nilipofika kwenye dawa, wanawake wakashika mashavu.

Sungita akasimama wa kwanza, kama kawaida yake.

"Mambo mepesi mnayafanya mazito. Tupeleke mbuzi mle ndani. Mbuzi hajui Bodi."

"Mti utahesabu meno," akasema Hango. "Halafu atafungwa huyu."

"Basi tukate maji."

"Maji gani, Sungita? Kuna maji yanaingia mle? Yalikuwa ni ya ndoo zako mwenyewe."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha njaa, kifupi. Kisha nikajua kila mtu anafikiri neno moja na hakuna anayetaka kulitamka mbele yangu. Katekista akasafisha koo. Akasema labda, kama Mzee Njiku mwenyewe angeona, kwa hiari yake...

"Kaa chini," akasema Mama Mughenyi.

"Mimi nasema tu..."

"Nimesema kaa. Tulilima kwa sababu alifiwa. Ukimlimia mfiwa, halafu ukarudi kumwomba akupe, hukumlimia, ulimkopesha. Mimi sikumkopesha. Ule mtama ni kitu cha mwisho cha mkono wa Vene juu ya ardhi hii. Mwanangu nimempeleka kwa dada yangu Manyoni, mimi nitakula mlenda. Anayetaka kumwomba Baba Ana aue mtama wa mkewe, asimame nimwone."

Hakusimama mtu. Hata Sungita. Hango akatazama mikono yake. Nyumbani kwake, nilikuwa nimesikia, walikuwa wanapika mara moja kwa siku, na mama yake mzee alikuwa anajifanya ameshiba.

"Basi tumemaliza," akasema Hango. "Shamba liachwe. Mungu ana mlango."

Wakaanza kuinuka, kujipangusa vumbi, mmoja mmoja ananipita na kunigusa bega. Kila lilipoguswa lilizidi kuwa zito. Nikawaza, wakubwa wamekosea, halafu anayelipa ni Vene, aliyekwisha kulipa. Nikawaza, nikinyamaza tu, hakuna atakayenilaumu, wameapa wenyewe. Nitavuna. Nitakuwa na kibuyu changu. Nitakaa nacho mlangoni, nawatazama wanapita na vikapu vya majani.

Hapo hasira ikanipanda, na safari hii haikuwa ya Bodi.

"Nyie!" nikaita. Wakageuka. "Nani kawapa ruhusa ya kufa njaa kwa heshima yangu? Mmevaa koti langu, mmechechemea mguu wangu, mpaka mtoto mmemnyonyeshea ndani yake. Sasa mnataka na shida yangu mnibebee? Hiyo ni yangu. Iacheni."

"Baba Ana..." akaanza Mama Mughenyi.

"Na wewe kaa chini."

Akakaa. Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yake.

*

Nilivua ushahidi kesho yake asubuhi, jua likiwa bado changa. Afisa Kokushubila akaja na mkebe wa dawa na karatasi. Watu walikuwa wamekuja bila kuitwa, wamesimama mpakani, kimya, kama wanavyosimama watu jeneza likiwa linatolewa ndani.

"Kuna sehemu ya sababu," akasema afisa. "Si lazima."

"Ipo kwenye fomu?"

"Ipo."

"Andika: mke wangu amepumzika, na shamba lake lipumzike."

Akaandika. Niliona mkono wake unaandika polepole kuliko ilivyohitajika. Nikaweka dole gumba. Akauzungusha mkebe kwenye tumbo la mti, sauti ndogo ikasikika ndani ya ardhi, kama mtu anavuta pumzi kwa meno. Kisha mti ukalegea. Tukaung'oa sisi wawili, mwepesi kuliko nilivyodhani, na chini yake zikaning'inia nyuzi nyeupe, maelfu, zinajikunja zenyewe.

Mtama ulisimama vile vile. Wala haukujua.

Nikaingia kati ya mistari. Nilikuwa nimejiandaa kukaa mle mpaka jioni, peke yangu, niusindikize. Nikashika bua moja, la baridi, limejaa maji, na fikra ikanijia ghafla hata nikageuka kwa nguvu nikaumia mguu.

"Binti! Umesema dawa inapanda polepole."

"Ndiyo."

"Itafika lini kwenye masuke?"

Akatazama kioo chake. "Mchana. Saa saba, saa nane."

"Kabla ya hapo yaliyo juu ni salama? Mtu akila?"

"Yaliyo juu ni safi kabisa, mzee. Mpaka saa sita naweza kukuandikia."

"Usiniandikie. Niambie tu."

"Ni safi."

Nikachomoa kisu. Suke la kwanza nilikata mwenyewe, kwa sababu nilijua hakuna ambaye angethubutu. Likaniangukia kiganjani, zito, baridi, la kijani. Nikamnyooshea Mama Mughenyi mpakani.

"Kateni," nikasema. "Kateni yote. Washeni moto."

Hawakutembea. Walikimbia. Nilimwona Hango na umri wake anaruka tuta. Nilimwona mama yule aliyenyonyesha ndani ya koti langu, mtoto mgongoni, visu viwili mikononi. Masuke yakaja kwa mafungu, kwa vikapu, kwa mapindo ya khanga, na moto ukawashwa pale pale kwenye shamba kavu la Mama Mughenyi, kwa mabua yake mwenyewe yaliyokufa, mioto kumi, mioto ishirini. Punje zikaanza kupasuka. Moshi wake ulikuwa na harufu ya maziwa yaliyochemka yakamwagika.

Afisa alikuwa ameusimika mti upya, katikati ya watu na mioto, kwenye udongo wa Mama Mughenyi usio na kitu. Siku ya Usomaji ile taa iliwaka nyekundu, na malori yakaja, yakaita majina ya kaya mia na sitini na mbili. La kwangu halikuwamo. Lakini hayo ni ya siku ya Usomaji. Siku ile, saa zile, hakuna aliyekuwa anautazama mti. Hata yeye Kokushubila alikuwa amechuchumaa kando ya Sungita, anapuliza vidole, mdomo mweusi kwa masizi.

"Huko kwenu mnakula ndizi tu," Sungita akamwambia, "leo umekula chakula."

"Nisogezee jingine, acha maneno," akajibu afisa wa Bodi.

Mimi nililishika langu muda mrefu mpaka likaanza kupoa. Ugali wa mtama ule nimekula miaka thelathini na moja. Mbichi, wa kuchoma, sikuwahi. Vene alikuwa hakubali. Kila msimu nilimwomba, suke moja tu, na kila msimu alinipiga mkono: ukila mbichi unakula kesho, ngoja. Nikangoja. Miaka yote hiyo mimi na yeye tulikuwa watu wa kungoja.

Nikapukuchua, nikatia mdomoni.

Ulikuwa mtamu. Ulikuwa na maziwa, na moshi, na kwa mbali kitu kama asali ya nyuki wadogo. Ulikuwa mtamu hata nikamkasirikia Vene, nikamwambia kimoyomoyo, mama, ulikuwa unaninyima hiki? Na nilipomaliza kumkasirikia nikakuta machozi yamefika kwenye kidevu, na hakuna aliyejifanya hayaoni.

Nyuma yetu majani yalikuwa yameanza kulala. Tulisikia, ilikuwa sauti ya mvua ndogo. Hakuna aliyegeuka. Mama Mughenyi akanitilia kiganjani suke jingine, la moto, linaunguza.

"Kula, Baba Ana," akasema.

Nikala.